Hendibreki imelegea? Usikimbilie kukaza waya

Wiki hii maswali yote ni ya magari ya porini. Nimeanza na lile lililoulizwa na wengi.

Fundi, nina Land Cruiser ya zamani yenye breki za ngoma nyuma. Hendibreki inapanda mpaka inakaribia kugota. Fundi wangu anakaza waya, baada ya wiki mbili imelegea tena. Waya umechoka? (Karatu)

Huenda waya ni mzima na ugonjwa uko ndani ya ngoma. Brekishuu zikilika zinakaa mbali na ngoma, kwa hiyo mkono unavutwa safari ndefu kabla hazijagusa. Fundi wako akikaza waya, anazivuta shuu kidogo hata wakati mkono uko chini, na ajasta ya ndani, ile nyota ya kusogeza shuu karibu na ngoma, inakosa nafasi ya kufanya kazi yake. Shuu zinaendelea kulika, nawe unaendelea kulipa. Kipimo chepesi: kama pedali ya breki nayo inazama kuliko zamani, shuu ziko mbali.

Anzia ndani, umalizie na waya. Egesha pahali tambarare, zuia tairi za mbele kwa mawe ya maana, inua nyuma na ulaze ekseli juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi kwa mtu anayeingia chini. Shusha hendibreki kabisa, kisha legeza nati ya waya mpaka waya ulegee. Nyuma ya bamba la breki kuna kifuniko kidogo cha mpira. Kitoe, ingiza bisibisi bapa, zungusha ile nyota ya ajasta mpaka tairi ligome. Halafu irudishe meno machache, tairi lizunguke kwa urahisi, likikwaruza kwa mbali tu. Kurudisha kunataka bisibisi ya pili ya kusukuma kibati kinachoizuia nyota. Wengi hulazimisha, na meno ya nyota huisha hapo.

Fanya upande wa pili vilevile. Kanyaga pedali mara kadhaa ili shuu zikae sawa, kisha uzungushe tairi tena kuhakikisha. Sasa ndipo ushike nati ya waya. Idadi ya milio ya "tak" unapovuta mkono imeandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Mkono ukiwa chini, tairi zote mbili ziwe huru. Kama shuu zimebaki nyembamba kama kadi, usirekebishe kitu: nunua shuu. Ngoma iliyochimbika nayo ichongwe au ibadilishwe.

Tangu nivuke mto wenye tope, nikishusha hendibreki tairi moja la nyuma linabaki limeshikwa na rimu inachemka. (Isiolo)

Waya unapofika nyuma ya tairi unavuta kikono kidogo chenye kona kilichofungwa kwenye bamba la breki. Land Cruiser nyingi zina ugonjwa huo: tope na maji vinaingia kwenye pini yake, kutu inashika, kikono kinavutika lakini hakirudi. Kukipiga nyundo kutakusaidia mpaka mto unaofuata. Kifungue, toa pini, piga msasa, paka grisi, weka na mpira mpya wa kuzuia vumbi. Chungulia pia kama waya wenyewe unateleza ndani ya ganda lake. Ukiwa umeota kutu humo ndani, badilisha.

Defender yangu nikiiegesha mteremkoni na hendibreki juu, inasogea kidogo, inalia "ko!", ndipo inasimama. Ni hatari?

Defender ya zamani haina hendibreki kwenye tairi. Ina ngoma moja tu, nyuma ya transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), inayokamata propela ya nyuma, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye difu. Kila ulegevu ulioko kati ya hapo na tairi, yaani krosi (viungo) za propela, difu na ekseli, lazima uishe kwanza ndipo gari lisimame. Kusogea kidogo ni tabia yake. Ikisogea sana, kagua krosi kabla ya kugusa breki. Ajasta yake ni moja, iko kwenye bamba la ngoma hiyo. Mpangilio ni uleule, ajasta kwanza, waya mwisho. Wala usiivute gari likiwa kwenye mwendo, utavunja vitu vya bei.

Halafu kuna hili la jeki. Niliwahi kuinua tairi moja la nyuma la Land Rover nikiiamini hendibreki. Lile la hewani likazunguka kinyume, la chini likabingirika mbele, jeki ikalala. Nilipona kwa kuwa nilikuwa bado natafuta spana. Difu ndiyo inayoruhusu mchezo huo, kwa kuwa inaacha tairi mbili zizunguke tofauti. Siku hizi nafunga difu ya kati na kuweka mawe kabla ya kugusa jeki.

Ngoma hiyohiyo ya Defender imeloa oili. Fundi anasema tuzichome shuu kwa petroli zikauke.

Mwambie achome kuni. Shuu ikishanywa oili, hutokwa nayo tena kila ikipata moto. Weka mpya, lakini kwanza badilisha sili ya nyuma ya transfa, na uangalie bomba lake la kupumulia: likiziba, presha inasukuma oili nje kupitia sili, hata iwe mpya. Vumbi la ngoma lifute kwa kitambaa chenye maji. Usilipulize kwa kompresa, shuu za zamani zilikuwa na asbesto, vumbi linaloua mapafu.

Nikiongeza mafuta ya breki hendibreki itashika vizuri?

Hapana. Inavutwa na waya.

Nikiegesha, gia peke yake inatosha?

Tia gia, lakini tazama kwanza mkono wa transfa. Ukiwa katikati, kwenye N, injini haijaungana na tairi, na hata namba moja haizuii kitu.