Kabla ya rangi, pima godoro

Swali lenu la wiki hii linasema: "Je, shilingi 20,000 zinatosha kupamba chumba cha mtoto mchanga Nairobi?" Chini yake mmeweka picha ya ukuta wa rangi ya waridi, stika za mawingu, na kitanda cheupe kilichojaa mito na vinyago vya manyoya. Hiyo mito ndiyo iliyonifanya niandike. Sina ugomvi na mawingu.

Kwanza hilo neno "chumba". Watoto wengi wa mitaa ya Kayole, Pipeline na Zimmerman wanalelewa kwenye nyumba ya chumba kimoja, au bedsita, ambapo "chumba cha mtoto" ni kona iliyo kati ya kabati na dirisha. Wazazi wao hawajakosa kitu. Madaktari wa watoto wa Marekani, wale wa chama chao, AAP, walipotoa upya ushauri wao mwaka 2022 walisema mtoto alale chumba kimoja na wazazi, ila kwenye sehemu yake mwenyewe, ikiwezekana miezi sita ya kwanza yote. Kwa hiyo hapo mwenye single room ya Kayole amemtangulia mwenye bangaloo ya Karen.

Mimi ningeuliza hivi: katika hizo elfu ishirini, shilingi ya kwanza iende wapi? Iende pale mtoto anapolazwa, kwa sababu hapo ndipo anapoachwa peke yake, usiku, taa zikiwa zimezimwa. Na msimamo wangu nauweka mapema: kitanda cha mtoto kisinunuliwe mitumba. Nguo, sawa. Beseni, sawa. Mapazia, nenda soko la Toi uchague mpaka uchoke. Kitanda, hapana.

Chukueni kitanda kimoja kilichotoka soko la mitumba la Gikomba kikaishia karakana moja ya mbao huko Umoja. Kilinunuliwa kikiwa vipande vilivyofungwa kamba: mbavu mbili za fito, kichwa, miguu, na fremu ya chuma ya kubebea godoro. Bolti zilikuwa tatu. Zilipaswa kuwa nane. Aliyekiunganisha mara ya kwanza, fundi wa pale mtaani, alizitumia zile tatu, na matundu yaliyobaki akayaachia misumari ya inchi tatu na waya wa kufungia nondo. Kitanda kikasimama. Kikapigwa picha, kikatumwa kwenye grupu ya familia, mashosho, yaani bibi zake mtoto, wakakibariki.

Msumari ndio ulioanza kukiharibu. Mbao ya kitanda kile ilikuwa mbao ngumu iliyokauka vizuri, si saiprasi yetu laini. Mbao kama hiyo ukiipiga msumari mnene karibu na ncha bila kutoboa kwanza, inapasuka kwa urefu wa nyuzi zake. Ufa ulianza kama unywele. Kila kitanda kilipotikiswa, msumari ulitoka kidogo, na pembe ikawa inapumua: ukisukuma juu, chini panafunguka. Mwenye nyumba (namaanisha mama mtoto, si landilodi) alidhani ni sakafu haiko sawa, akaweka karatasi iliyokunjwa chini ya mguu.

Kilichokipeleka karakana, hata hivyo, ni kelele tu. Kilikuwa kinalia usiku. Mzee wa karakana hakugusa mbao kwanza, aliangalia godoro.

"Mama, hili godoro si la kitanda hiki."

"Lakini fundi, dukani walisema ni saizi ya kitanda cha mtoto."

Wote wawili walikuwa sahihi, na hapa naomba mnivumilie kwa hesabu. Godoro la mtoto linalouzwa Nairobi bila maswali ni la futi 2 kwa 4, yaani sentimita 61 kwa 122. Kitanda kile kilikuwa cha kipimo cha Marekani, ambacho ndani ni takriban sentimita 71 kwa 133. Toa: upande unabaki na pengo la sentimita 10, na kwenye miguu 11. Mkono wa mtu mzima unapita. Mtoto wa miezi minne anayejifunza kujigeuza anaweza kuingia uso au kiwiliwili kati ya godoro na fito, na asiweze kujitoa. Mama alikuwa ameliona pengo, akalijaza leso mbili zilizoviringishwa, na juu yake akazungusha ile mito mirefu ya kufunga kwenye fito inayouzwa kwa seti pamoja na blanketi na kijimto. Seti nzuri kwa macho. Mito hiyo ya pembeni iliyojazwa sufi, Marekani waliipiga marufuku mwaka 2022 kwa sababu mtoto hugandamiza pua yake pale akakosa hewa. Leso nazo zikilegea ni kitambaa tu usoni mwa mtoto.

Kosa hili lina pacha wake, na pacha ndiye wengi hawamwoni. Kitanda cha Ulaya cha sentimita 60 kwa 120 ukikiwekea godoro hilohilo la futi 2 kwa 4, godoro linazidi sentimita 1 upande mmoja na 2 upande mwingine. Watu wanafurahi, "limebana vizuri". Limebana mpaka katikati limevimba kama mgongo wa kobe, na mtoto anateremkia pembeni. Kwa hiyo nenda dukani na kipimo cha ndani cha kitanda, si na neno "kitanda cha mtoto". Toa sentimita moja tu kwenye urefu na moja kwenye upana. Wauza spongi wengi wanakata kwa oda. Omba ile nzito, unene wa inchi 4, na uibonyeze kwa kiganja: ikiacha alama ya mkono, iache. Ukishalaza godoro, vidole viwili vikiingia kati yake na fito, hapo ndipo mwisho wa uvumilivu.

Turudi karakana. Misumari iling'olewa yote. Matundu yake yakatiwa vijiti vyembamba vya mbao vilivyopakwa gundi nyeupe, yakaachwa siku nzima. Ufa ukasukumiwa gundi kwa kisu chembamba, ukabanwa kwa klampu usiku kucha. Kisha zikatafutwa bolti, na hapo kazi ya saa moja ikala siku mbili. Kitanda kilikuwa na zile nati fupi za mviringo, kama kipande cha penseli kilichotobolewa ubavuni, zinazozama ndani ya mbao na kupokea bolti kutoka pembeni. Nati zake zilikuwa za robo inchi. Bolti iliyoletwa kutoka Kirinyaga Road ilikuwa ya milimita 6. Kwa jicho ni ndugu. Robo inchi ni milimita 6.35, lakini tatizo kubwa si unene, ni hatua ya uzi: bolti ya milimita 6 husonga milimita 1 kila mzunguko, ya robo inchi husonga 1.27. Inaingia mizunguko michache, inakwama, mtu anadhani imekaza, anaondoka. Baada ya wiki uzi umelika na kitanda kinalia tena. Dawa si kutafuta bolti ya robo inchi mji mzima. Nunua bolti na nati kwa pamoja, zote za milimita 6, seti nane, washa mbili kila bolti, na urefu upimwe kwa kijiti kilichoingizwa tundu mpaka kifike nati. Gharama yake haikufika bei ya pakiti kubwa ya nepi. Baada ya siku saba zikazwe tena, maana mbao hujipanga.

Kitanda kilirudi nyumbani na godoro la sentimita 70 kwa 132, bila leso, bila mito. Hakilii.

Sasa, nilianza kwa kusema kitanda kisinunuliwe mitumba, na nimejikuta nimeandika aya kadhaa ambazo hazina hata kosa moja la aliyekitengeneza kitanda. Fito zake zilikuwa na nafasi ya sentimita 5 na nusu, zote sawa. Mbao haikupinda. Misumari, waya, godoro, mito: yote yalifanyika hapa kwetu.

Na kipya je? Tuseme unaagiza kitanda cha futi 2 kwa 4 kando ya barabara. Kanuni ya nafasi kati ya fito ni isizidi sentimita 6, ili kiwiliwili cha mtoto kisipite kichwa kikabaki. Mbao ya inchi 1 kwa inchi 1 ikishapigwa randa inabaki karibu sentimita 2. Kwenye ubavu wa sentimita 122 unahitaji fito 15. Nafasi inakuwa 5.75. Ukiweka 14, tayari ni 6.3. Anayetaka kumaliza kabla ya saa kumi anaweka 10, na nafasi inakuwa zaidi ya sentimita 9. Kwa mbavu mbili na ncha mbili za fito 7 kila moja, jumla ni fito 44, kama futi 95 za mbao ukihesabu vipande vya kuzama kwenye matundu na vya kutupa. Ukipewa bei ambayo hata hizo futi 95 hazilipi, jua fito zimepunguzwa. Halafu saiprasi nyingi huuzwa ikiwa bado mbichi. Ikikauka ndani ya nyumba inasinyaa, fito iliyopigwa msumari juujuu inazunguka kwenye nafasi yake, na ile 5.75 yako inakuwa kumbukumbu. Kama lazima kiwe kipya, sema mapema: fito zizame kwenye tundu kwa gundi, si kupigiliwa, kimo kutoka mbao ya kubebea godoro mpaka ukingo wa juu kisipungue sentimita 60 godoro likiwa chini kabisa, nguzo za pembe zisichomoze juu, maana nguo hunasa hapo, na vanishi ikauke wiki kadhaa kabla ya mtoto, dirisha likiwa wazi.

Kwa hiyo najirekebisha, kwa masharti. Kitanda cha mitumba chenye mbavu zisizosogea, fito zote, na mbao isiyo na ufa, nitakichukua mbele ya kipya cha mbao mbichi. Chenye ubavu unaoshuka na kupanda, usikiguse hata ukipewa bure. Marekani waliviondoa sokoni mwaka 2011 baada ya vifo vya watoto walionaswa ubavu ulipochomoka, na vishikizo vyake vya plastiki vikishavunjika havina mbadala wa kuaminika. Kwenye vifurushi vya mitumba vinaweza kuwemo. Chenye rangi nene inayobanduka, kiache pia, kwa sababu hujui ndani ya rangi mna nini na mtoto atautafuna ukingo. Na mjue wenyewe wa Marekani wanashauri usikarabati kabisa kitanda kibovu. Kitanda cha Umoja kiliponea kwa kuwa matundu yake ya kiwandani yalikuwa mazima. Ufa ungefika tundu la bolti, kingekuwa kuni.

Yaliyobaki ni mepesi. Shuka za kubana zishonwe na fundi wa nguo: kwa godoro la 132 kwa 70 lenye unene wa 10, kata kitambaa sentimita 172 kwa 110, toa mraba wa 20 kila pembe, shona, zungusha lastiki. Fua kitambaa kabla ya kukata. Pamba isiyofuliwa husinyaa baadaye, ikavuta pembe za godoro juu. Mbili zinatosha, labda tatu. Neti iwe ya kuning'inia kutoka dari, ncha zikifungiwa chini ya godoro, si ya kumwangukia mtoto. Julai ikifika, mvalishe mfuko wa kulalia wa kitambaa kinene badala ya blanketi, na jiko la makaa lisiingie chumbani hata dakika tano. Kitanda kikae mbali na dirisha na kamba za pazia, na sentimita chache kutoka ukutani, kwa sababu nyumba zetu za mawe hutoa jasho msimu wa baridi na ukungu huanzia nyuma ya godoro. Kabati refu la droo lifungwe ukutani kwa skrubu na fisha (plagi ya plastiki ya ukutani) ya milimita 8. Landilodi atalalamika kuhusu tundu. Ziba kwa putty siku ya kuhama.

Rangi? Chumba cha mita 3 kwa 3 kina takriban mita za mraba 26 za ukuta ukitoa mlango na dirisha. Ukipaka mara mbili ni 52, na lita moja hufunika kama 10 hadi 12. Kopo la lita 4 halimalizi kazi, ndipo watu wanapoongeza maji na ukuta unatoka na mawimbi. Paka ukuta mmoja tu. Lita 2 zinatosha. Au usipake, maana ukihama utakatwa deposit kwa rangi hiyohiyo.

Basi elfu ishirini zinatosha? Zinatosha, nadhani, kama kitanda ni cha mitumba kilichokaguliwa na godoro limekatwa kwa kipimo, na kama nepi hamzihesabu humo. Kwa kitanda kipya kilichotengenezwa sawasawa, sina hakika kitabaki kitu cha ukuta. Kikibaki, nunueni yale mawingu. Yabandikwe mbali na kitanda. Mtoto wa miezi minane huyabandua akayala.

Msomaji wenu, Donholm