Mkia wa TPP si ushahidi: maneno kwa wanaoanza kazi ya vizuizi vya Hsp90

Katika vikao vya maabara vya karibuni nimeuona tena mchoro ule ule: kizuizi cha Hsp90 (shaperoni, yaani protini inayosaidia protini nyingine kujikunja vizuri) kushoto, mshale katikati, mitokondria kulia, na kijana aliyeuchora akitueleza bila wasiwasi wowote kwamba dawa yake inaingia mitokondria kwa kuwa imefungwa mkia wa trifenilifosfoniamu (TPP), wenye chaji chanya inayovutwa na mitokondria. Nikimuuliza amejuaje kwamba imeingia, hunijibu kwamba kuingiza ndiyo kazi ya mkia. Wadogo zangu, nawapenda, lakini jibu hilo linanizeesha. Nayaandika haya ili nipunguze kuyasema.

1. Jueni kwa nini mahali pana uzito. Binadamu ana Hsp90 za aina nne: alfa na beta katika saitosoli (umajimaji wa seli), GRP94 katika retikulamu ya endoplazimu, na TRAP1 katika mitokondria. Mifuko yao inayoshika ATP, nishati ya seli, inafanana mno, hivyo geldanamaisini, ambayo mwaka 1994 ilibainika kuwa huishika Hsp90, haina uwezo mkubwa wa kuchagua. Hushika shaperoni inayokutana nayo. Na 17-AAG, mtoto wake, huishia saitosoli bila kukusanyika mitokondria, ambako TRAP1 inaendelea kuilinda seli ya saratani. Isitoshe, ukiizuia Hsp90 ya saitosoli, HSF1, protini inayowasha jeni za kujikinga, huachiliwa na seli hutengeneza Hsp70, shaperoni nyingine ya kujikinga, kwa wingi, yaani unaipiga seli na kuivika ngao kwa wakati mmoja. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizofanya vizuizi hivi vizunguke katika majaribio ya hospitali kwa miaka mingi, hadi Japani ilipoidhinisha pimitespib mwaka 2022 kwa GIST, uvimbe wa njia ya chakula. Njia za kutoka hapo ni mbili: kutafuta molekuli inayotambua tofauti ndogo za mifuko, kama PU-WS13 inavyofanya kwa GRP94, au kuipeleka molekuli ya zamani mahali papya, kama kundi la Dario Altieri lilivyofanya na gamitrinib (kichwa cha 17-AAG kilichofungwa mkia wa kukipeleka mitokondria), iliyochapishwa mwaka 2009. Wengi wenu mmechagua njia ya pili kwa sababu inaonekana rahisi.

2. Mkia husukumwa na umeme, na umeme huzimika. Kwa kila milivolti 60 hivi za tofauti ya umeme katika utando wa ndani wa mitokondria, TPP hujikusanya mara 10 zaidi, hivyo kwenye milivolti 180 mnapata takriban mara 1,000. Watangulizieni seli FCCP, kemikali inayouzima umeme huo, ili ushuke, kisha mnionyeshe kwamba dawa imebaki nje. Na wekeni kisima kimoja cha sahani chenye mkia mtupu, usio na kichwa, kwa sababu mkia wenye mnyororo mrefu wa kaboni unaweza kuushusha umeme huo wenyewe.

3. Pimeni Hsp70 kabla ya kunionyesha chochote. Hapa sina budi kukiri. Nilipokuwa mwanafunzi, katika maabara ambayo sitaitaja, tulikuwa na kiwanja cha kemikali chetu wenyewe: kichwa cha 17-AAG, kiungo cha esta, mkia wa TPP. Seli za saratani ya tezi dume zilikufa kwa namna ya kupendeza. TMRM, rangi inayoonyesha umeme wa mitokondria, ilififia, saitokromu c ilitoka mitokondria, ishara ya seli kufa, na saiklosporini A ikapunguza vifo kiasi, nikaamini kwamba nimeishika mkononi saiklofilini D, protini ya mitokondria ambayo saiklosporini huizuia. Kilichobaki kilikuwa bloti moja tu, kipimo cha protini kwa kingamwili. Sasa mnajua kwamba TRAP1 hukaa karibu na kilodaltoni 75 na Hsp70 karibu na 70, kwa hiyo ukishapitisha kingamwili ya moja, ama uuoshe utando vizuri, ama upige geli nyingine. Nilikuwa mvivu wa vyote viwili. Nikachukua wembe, nikaukata utando usawa wa kilodaltoni 50 ili aktini, protini ya kulinganishia, niipate haraka, kipande cha juu nikakipa TRAP1, nikakifunga katika mfuko wa nailoni kikiwa bado kimelowa, na Hsp70 nikajiahidi kuifanya wiki inayofuata. Wiki hiyo ilifika baada ya bango kuchapishwa.

Kwenye mkutano, mama mmoja mtafiti alisimama mbele ya bango langu, akalisoma lote kimya, kisha akauliza, "Hsp70 yako iko wapi?" Nikamweleza kuhusu mkia. Akatabasamu kwa huruma, jambo ambalo ni baya kuliko kukaripiwa, akahamia bango la jirani. Niliporudi nikapiga ile geli niliyoikwepa. Hsp70 ilikuwa imepanda kadiri dozi ilivyopanda, na Akt, protini inayotegemea Hsp90 ya saitosoli, ilikuwa imeshuka, ishara kamili kwamba niliizuia Hsp90 ya saitosoli. Esterasi za seli (vimeng'enya vinavyokata esta) zilikuwa zinakikata kiungo: kichwa kilibaki saitosoli kikifanya kazi ya 17-AAG ya kawaida, na mkia ukaingia mitokondria kama punda aliyefika sokoni bila mzigo, ukashusha umeme, ukanififishia TMRM. Nusu mbili za kiwanja kimoja zilishirikiana kunidanganya, kila moja mahali pake. Hata saiklosporini A haikunisaidia, kwa sababu huzuia kimeng'enya kingine, kalsinyurini, pia, na mimi sikuweka kizuizi kingine cha kalsinyurini pembeni. Bango hilo bado ninalo, na huwa silifungui.

Kwa hiyo, kwa kila dozi mnayodai kuwa inaua, nataka Hsp70, Akt na Raf-1 (nayo hutegemea Hsp90 kama Akt) zikiwa zimetulia, na kwenye geli hiyo hiyo nataka 17-AAG ikizisogeza. Msininyime hiyo 17-AAG. Hsp70 huchukua saa kadhaa kupanda, na anayepima baada ya saa 2 ataiona imetulia hata kwa dawa isiyo na mkia wowote, halafu aite hilo uteuzi wa mahali.

4. Acheni MTT, kipimo cha rangi cha kukadiria seli hai. Kipimo hicho hutegemea vimeng'enya ambavyo baadhi yake vimo katika mitokondria ile ile mnayoipiga, kwa hiyo hesabuni seli zenyewe.

5. Mkitenganisha sehemu za seli, pimeni kalineksini (alama ya retikulamu) pamoja na tubulini (alama ya saitosoli), maana mitokondria hutoka zimeng'ang'aniwa na retikulamu, na aliyepima tubulini peke yake atasema ni safi.

6. Dawa ikigoma kuua, msiilaumu kabla ya kuangalia sukari. Seli nyingi za saratani zinazooga katika glukosi ya milimola 25 hujitengenezea ATP ya kutosha kwa glaikolisisi, yaani kuvunja sukari nje ya mitokondria, na zinaweza kuishi huku mitokondria zake zikiwa hoi. Badilisheni glukosi kwa galaktosi, inayozilazimisha seli kutegemea mitokondria, mrudie dozi zile zile. Chupa ipo kabati la juu, na vumbi lake linanieleza ni wangapi wameigusa. Ila andikeni wazi chini ya mchoro kwamba ni galaktosi, kwa sababu matokeo hayo yanaeleza mahali dawa inapopiga tu. Hayanipi ruhusa ya kudai kwamba uvimbe ulio ndani ya panya, wenye glukosi ya damu, utakufa kwa dozi hiyo.