Kombaini ya Baba: Tuiuze kwa Kilo?

Fundi, marehemu baba alituachia kombaini, mashine ya kuvuna nafaka, ya Massey Ferguson, imelala Narok miaka tisa. Kaka zangu wa Umoja wanataka iuzwe kwa kilo kama chuma chakavu. Nisaidie.
Binti wa mkulima, Kayole

Dada, usiuze kabla hujatia spana kwenye puli ya mbele na kuizungusha injini. Ikizunguka, una mali. Kama injini ni ya Perkins, vipuri utavikuta Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Mikanda na beringi si shida. Panapouma ni ngoma ya kupuria na wavu wake: vikiliwa na kutu, hesabu inakataa. (Mimi nilihurumia moja, ikanimeza karo ya muhula mzima.) Hapo ifungue, uza injini, gia na magurudumu kimoja kimoja. Mabaki ndiyo yaende kwa kilo, tena kwa mwenye leseni. Marufuku ya biashara ya vyuma chakavu ya Januari 2022 iliondolewa, lakini sheria ya vyuma hivyo bado ipo.