Kikuba cha Alhamisi

Wiki hii mmeuliza: ni raha gani ndogondogo zinazokuchangamsha katika wiki ya pilikapilika, majira haya ya machipuo?

Hayo machipuo waachieni wenye baridi yao. Mimi niko Mombasa, na huku Machi inapokwisha hakichipui kitu. Upepo wa kaskazi umeshachoka, wa kusi haujafika, nasi tuko katikati, tunachemka kama mbaazi chunguni. Majani yatachipua masika yakishamwagika, na mwenye kiwanja ndiye atakayejua namna ya kuyafyeka. Lakini raha zipo, tena kipindi hikihiki.

Kazi yangu ni makaratasi ya mizigo ya bandarini, na kwangu ni Likoni. Siku yangu basi huanzia feri na kuishia feri. Nikiwa kwenye foleni nalalamika kama wenzangu. Nikishapanda, nanyamaza. Mwenda kwa miguu halipi, na kwa zile dakika chache za kuvuka hakuna awezaye kunipa faili. Siku hizi maji ya Kilindini yamelala, na meli ya makontena ikitaka kupita, feri huipisha. Inapita mbele yetu kama mtaa mzima wa maghorofa, kimya. Nimeiona miaka na miaka, na bado natoa macho kama mtoto.

Kazini kuna mwuza kahawa na dele lake, yaani birika la kahawa, anavyogonganisha vikombe unamsikia kabla hujamwona. Kikombe kimoja cha kahawa chungu na kashata moja, basi. Bosi akipita namwambia ni dawa ya kichwa.

Ila mkinilazimisha nichague moja tu, nachagua kikuba, kile kishada kidogo cha maua ya kunukia wanachovaa wanawake. Alhamisi nikitoka kazini siendi feri moja kwa moja. Napitia Mji wa Kale, kwa mama mmoja anayeketi kizingitini na sinia ya asmini. Wakati huo maua bado yamefumba, membamba, meupe, hayanukii sana. Asiyejua huchagua yaliyokwisha funguka. Kosa kubwa! Yaliyofunguka saa kumi, isha yameshanyauka. Yaliyofumba ndiyo yatakayochanua usiku, yakiwa kwa mvaaji. Mama yule huyafunga kwa uzi pamoja na vijani vya rihani na kipande cha ua la mkadi linalonukia, vidole vinakwenda bila yeye kutazama, huku akimgombeza mjukuu. Mimi natia kikuba mfuko wa shati na kuvuka nacho, nikiukinga mfuko kwa mkono kwenye msongamano. Watu hudhani nalinda simu.

Mara ya kwanza nilipokipeleka nyumbani, mke wangu alikitazama kikuba, akanitazama mimi, kisha akauliza, "Babake Zuhura, umefanya nini huko?" Kwa kuwa sikuwa nimefanya kitu, nilichelewa kujibu, na kule kuchelewa kukawa ndiyo jibu. Ilichukua wiki tatu mfululizo hadi akaamini. Sasa huuliza nikirudi mikono mitupu.

Mwaka jana Alhamisi moja iligongana na mvua ya kwanza. Tulikuwa tumeshalala, feni inazunguka juu kwa nguvu zake zote, joto halisikii. Mara mabati yakaanza, tone moja moja, halafu yote kwa pamoja. Nikainuka kufunga dirisha, upepo ulioingia ulikuwa wa baridi. Nikazima feni. Tangu Desemba ilikuwa haijazimwa usiku hata mara moja, isipokuwa stima ilipopotea.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba miezi yote ile feni ilikuwa ikiipeperusha harufu kabla hatujaifaidi. Chumba kilipotulia, asmini ikajaa, pamoja na ule mnuko wa vumbi lililonyeshewa. Mke wangu akavuta shuka, shuka ambayo tulikuwa hatuigusi, akasema, "Usiiwashe tena." Tukalala tukisikiliza ndoo za jirani zikijaa.

Asubuhi maua yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Hakuyatupa. Aliyatia kabatini, katikati ya kanzu zangu, nami nikaenda kuswali Ijumaa nikinukia kama bwana harusi.

Msomaji wenu, Likoni