Re: Nimekesha Minnesota, sijaona kimondo hata kimoja

Habari ndugu. Umesema ulikaa nje Agosti 12 kuanzia saa tatu hadi saa tano usiku, ukaambulia patupu. Kwanza angalia kalenda ya mwezi: ukiwa mpevu, mwanga wake huvimeza vimondo hafifu vyote. Kama haukuwepo, basi ni muda. Perseidi, yaani mvua ya vimondo ya kila Agosti, huonekana kutokea kundinyota la Perseus, na saa hizo bado liko chini kaskazini-mashariki. Toka saa nane usiku, ukae hadi karibu na alfajiri. Darubini iache ndani, inaonyesha kipande kidogo mno cha anga. Mimi hulala chali kwenye mkeka, simu mfukoni. Ukiichungulia tu, macho yanaanza upya kuzoea giza, dakika 20 nyingine hizo. Mawingu ya huko kwenu siwezi kuyasemea. Na beba sweta, umande wa Agosti haucheki na mtu.