Re: Diski za breki za Toyota Fielder, za mashimo ama za kawaida?

Buda, umeuliza kama ununue diski za mashimo halafu uweke na pedi zako za zamani (zile zinazobana diski ukikanyaga breki), tafadhali usifanye hivyo. Kwa gari ya kukaa jam ya Thika Road mashimo hayakuongezei kitu, na diski ikishika moto sana nyufa huanzia hapo hapo kwa mashimo. Chukua za kawaida, mbili za mbele pamoja, na pedi mpya, kwa sababu za zamani zimeshalika kufuata mikwaruzo ya diski ya zamani, hazitashika sawa. Pedi za seramiki hazipigi kelele wala kuchafua rimu, lakini kama unashukanga mteremko wa Mai Mahiu na mzigo tafuta semi-metaliki (zenye chuma ndani) zinazovumilia joto.

Kabla ununue angalia diski zako, kumechapwa MIN TH (unene wa chini kabisa unaokubalika) na milimita, fundi apime, kama bado ni nene kuliko hapo na hazina mitetemo pengine unahitaji pedi tu.

Na simama hapo akifunga! Asugue kutu yote iliyo kwa habu (pale diski inakalia), aoshe mafuta yaliyo kwa diski mpya, kutu kidogo ikibaki baadaye usukani utatetemeka ukikanyaga breki. Ukitoka gereji, ili pedi na diski mpya zizoeane, kanyaga breki upunguze mwendo kutoka 60 hadi 20 km/h mara kama nane bila kusimama kabisa, halafu endesha polepole breki zipoe.