Master ni yuleyule, sura tu ndiyo inabadilika

Mdogo wangu, umeuliza kama Master, yule adui wa shujaa aitwaye Daktari katika Doctor Who, tamthilia ya runinga ya Uingereza, ni mtu mmoja au wamerithishana jina. Ni mmoja. Yeye na Daktari wote ni wa sayari ya Gallifrey, na watu wa huko mwili ukifika mwisho wanapata mwingine, lakini si bila kikomo.

Ila mabadiliko ya kwanza yalitokana na msiba wa kweli. Roger Delgado, aliyeanza kumwigiza mwaka 1971 na ndevu zake za kuchongwa, alifariki kwa ajali ya gari Uturuki mwaka 1973. Mwaka 1976 wakamrudisha Master akiwa kama maiti, nyama imeoza, macho yamemtoka, kajifunika joho. Miili imemwishia, ndiyo maana mwaka 1981 akaiba wa mtu mwingine: mzee wa watu, Tremas, kasogea kuangalia saa ya kusimama, kumbe adui yumo humo. Hebu panga upya herufi za jina Tremas uone linatoka nini.

Hapa Ngamiani tuliwahi kubishana barazani mpaka kahawa ikapoa, mzee mmoja kakataa katakata kuwa Missy, yule mwanamke wa mwaka 2014, ni Master. "Mwanamume hawezi kugeuka!" Nikamwambia, babu, kuiba mwili wa mtu mwingine unakubali, gauni ndilo linakushinda?

Kwangu mimi Michelle Gomez, aliyemwigiza Missy, ndiye anayetisha kuliko wote. Anaua huku anatabasamu.